Programu aliyoinunua marehemu baba haipatikani tena, na kazi za wateja zimo ndani yake

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Ngamiani, hapa Tanga. Naendesha steshenari ndogo aliyotuachia marehemu baba. Tunatoa kopi, tunafanya laminesheni, tunawaandikia watu barua za kazi, lakini kilichotupa jina mjini ni kupanga na kuchapa: kadi za harusi, kadi za mchango, kalenda za misikiti, vijitabu vya kasida, na diwani ndogondogo za washairi wa hapa ambao hawana njia ya kufika kwa wachapishaji wakubwa. Kazi hizo zote baba alizipanga kwa PageMaker 7, programu ya kupanga kurasa. Aliinunua Dar es Salaam kwa fedha yake, ikiwa ndani ya sanduku lake, na CD, na kadi yenye namba. Mimi naye alinifundisha humohumo. Kadi ya harusi naweza kuipanga kwa Word nikilazimika, lakini kijitabu chenye kurasa za kukunja sijawahi kukipanga kwa kitu kingine.

Mwezi uliopita umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta yetu ya Windows XP haikuwaka tena. Fundi akasema madabodi imeungua ila diski ni nzima. Akaniuzia kompyuta nyingine ya mtumba yenye Windows 10, akaninakilia kwenye flashi folda tuliyokuwa tunaiita KAZI, nikamlipa. Faili zipo, nimezifungua folda moja moja nikaziona. Majina yake yote yanaishia na .pmd. Nikibofya, kompyuta inaniuliza nataka kuifungua kwa programu gani.

CD imekaa kwenye droo miaka mingi. Ina mikwaruzo, na joto na unyevu wa huku pwani umeiachia madoa kama ya ukungu. Nikiiingiza inazunguka, inanguruma, inanyamaza. Nimeingia kwenye tovuti ya watengenezaji: hawaiuzi tena, wala hawajaiweka ili mtu aipakue. Wana programu nyingine ya kulipia kila mwezi kwa dola, na duka langu linaishi kwa kopi za shilingi mia.

Kuna kijana mjini anauza programu kwenye flashi. Anasema anayo PageMaker iliyokrekiwa, shilingi 30,000, sharti nizime antivairasi kwanza ndipo niinstoli. Mdogo wangu naye kaikuta kwenye tovuti inayosema ni ya bure, lakini ukifika mwisho wanaomba namba ya kadi ya benki. Fundi wangu anasema nichukue tu ile ya kijana, kwa sababu programu yenyewe imeshakufa na haina mwenyewe.

Kinachoninyima usingizi ni watu wawili. Kamati ya madrasa wanataka kijitabu chao cha kasida kichapwe upya kabla ya Mfungo Sita, na kuna kasida tatu wanataka zibadilishwe. Na kuna mzee mmoja mshairi, macho yake sasa hayaoni vizuri, diwani yake nzima imo kwenye folda ile. Kila akipita dukani ananiuliza, nami namwambia bado kidogo.

Naomba unijibu. Ni halali kutafuta nakala ya kitu ambacho baba alishakilipia? Kijana yule nimwamini? Na hata nikiipata, itakubali kwenye kompyuta hii mpya?

Binti wa steshenari, Ngamiani

*

Marahaba, binti yangu. Mungu amrehemu baba. Kazi aliyokuachia ni kubwa kuliko duka, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu najua wako wengi wenye folda kama yako, wanasubiri programu ambayo haitarudi dukani.

Kabla ya programu, kuna jambo ambalo barua yako hailisemi: diski ya zamani iko wapi? Kama imebaki kwa fundi, funga duka saa moja leo hii ukaichukue. Mafundi hawana ubaya, lakini diski iliyo nzima kwenye meza ya fundi haikai. Ataipiga fomati aiweke kwenye kompyuta ya mteja mwingine, na kwa hesabu yake wewe umeshapewa kazi zako kwenye flashi.

Hukupewa kazi zako zote. Faili la PageMaker halibebi kila kitu ndani yake. Picha kubwa, kama ua la kwenye kadi ya harusi au nembo ya madrasa, mara nyingi hubaki kwenye folda nyingine, na faili la .pmd linashikilia picha ndogo ya kuonyeshea tu pamoja na anwani ya ile kubwa. Ukifungua faili bila zile picha utaona ukurasa umekamilika kwenye kioo, ukiprinti ua linatoka limechakaa, lina vijiraba. Na fonti ndizo hatari zaidi. Zamani wapangaji wengi walitumia fonti za aina inayoitwa Type 1, kila moja ikiwa na mafaili mawili, moja linaishia .pfb na jingine .pfm, na kwenye kompyuta nyingi zilikaa kwenye folda iitwayo psfonts, nje kabisa ya mahali ambapo mtu angetazama. Bila fonti ileile, mstari wa shairi aliopima baba ukae sawasawa ndani ya safu utavunjika, kipande kitashuka chini, na mizani yote ya ukurasa itakwenda. Kwa ushairi hilo si dogo.

Kwa hiyo nunua adapta ya kuunganisha diski ya ndani na USB. Kompyuta ya umri huo inaweza kuwa na diski ya IDE, ile yenye meno mengi na utepe mpana, si ya SATA yenye mdomo mwembamba. Tafuta adapta inayopokea zote mbili, na hakikisha inakuja na waya wake wa umeme wa ukutani, kwa sababu diski kubwa za kompyuta za mezani haziwezi kuzunguka kwa umeme wa USB peke yake. Ukiunganisha, Windows ikikuambia diski inahitaji kupigwa fomati kabla ya kutumika, kataa, chomoa, uite mtu. Ikikuambia huna ruhusa ya kuingia kwenye folda ya baba, hapo kubali kuendelea, ni kawaida kwa diski iliyotoka kwenye Windows nyingine. Nakili diski yote, usichague. Folda ya fonti ndani ya Windows, psfonts kama ipo, picha, na kila kitu kilichokuwa kwenye desktopu.

Ukishanakili, tafuta ndani ya nakala hiyo neno PageMaker, na utafute faili la setup. Watu makini wa zama zile walikuwa na tabia ya kuimwaga CD nzima kwenye diski D ili wasiichakaze. Kutokana na unavyomweleza, baba yako alikuwa mtu makini. Ukiikuta, safari yako yote imefupika. Lakini usijaribu kunakili folda ya programu iliyokwisha kusakinishwa ukaibandika kwenye kompyuta mpya ukitegemea itawaka. Wakati wa kusakinishwa iliandika mambo yake sehemu nyingi ndani ya Windows ya zamani, na hayo hayaji pamoja na folda.

Sasa kijana wa flashi. Usinunue. Na sababu yangu si umri wake wala sura ya biashara yake, ni lile sharti la kuzima antivairasi. Programu halali ya 2001 haina haja ya sharti hilo. Anayekuambia uzime mlinzi hajui kilichomo ndani ya flashi yake au anakijua vizuri sana, na katika hali zote mbili kompyuta hiyohiyo ndiyo unayofungulia barua za wateja, vyeti vyao wanavyokuja kuskani, na namba zao za vitambulisho. Kumbuka pia kuwa msaada wa Windows 10 yenyewe ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yako imeshapungukiwa na ulinzi, usiipunguzie zaidi.

Ile tovuti ya bure inayoomba kadi ya benki ni mtego unaojulikana. Microsoft walipoondoa Movie Maker, programu ya kuunganisha video iliyopendwa sana, mwezi Januari 2017, watu waliendelea kuitafuta. Kabla mwaka haujaisha, Novemba, kampuni ya usalama ya ESET ikatoa tahadhari: kuna tovuti iliyopanda juu kabisa kwenye matokeo ya utafutaji, inatoa Movie Maker iliyochezewa, inakuacha ufanye kazi yako mpaka mwisho, na ukitaka kuhifadhi inadai fedha kwa kitu ambacho mwenyewe alikitoa bure. Programu ikiondoka sokoni wanaoihitaji hawaondoki nayo, na matapeli wanalijua hilo kuliko sisi.

Fundi wako anasema programu haina mwenyewe. Anayo. PageMaker ilianzia kampuni ya Aldus ya Seattle, Marekani, mwaka 1985, Adobe wakainunua Aldus 1994, wakatoa toleo la 7.0 mwaka 2001, na nguvu zao wakazihamishia InDesign, programu yao nyingine ya kupanga kurasa. Kuacha kuuza si kuacha umiliki. Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda diwani ya yule mzee wako, na haisemi kwamba kitu kikikosekana dukani kimekuwa cha kila mtu. Na mwaka 2013 yalitokea mambo yanayofaa kukumbukwa. Adobe walizima seva zilizokuwa zikihakiki CS2, programu zao za 2005, wakaweka nakala zisizohitaji seva hizo pamoja na namba zake. Dunia nzima ikashangilia kuwa zimegawiwa bure. Adobe wakasema hapana, ni kwa wale waliokwisha kuzilipia, ili wasifungiwe nje ya kazi zao.

Wewe uko upande wa hao waliolipia. Sanduku unalo, kadi ya namba unayo, kompyuta ya zamani imekufa kwa hiyo programu itakuwa kwenye mashine moja tu. Kutafuta CD nzima ya toleo lilelile na kuiingizia namba ya baba, kwangu mimi ni kurejesha kilicho chako. Unachopaswa kukikwepa ni kreki, yaani programu iliyovunjwa kufuli isiombe namba. Wewe namba unayo. Kreki ya nini?

Hata hivyo nataka uelewe kwa nini nakusaidia kuirudisha. Sikusaidii ili uendelee kuishi humo miaka mingine ishirini. Isakinishe tena ili uzitoe kazi zote zilizomo, kisha uhamie kwenye kitu ambacho hakuna mtu wa mbali anayeweza kukuondolea.

Na hii kazi ya madrasa usiifungamanishe na programu hata kidogo. Mfungo Sita haumsubiri fundi. Kijitabu kilichochapwa kipo, si kipo? Wanafunzi wanacho, kamati wanacho. Chukua nakala safi, mpe mwandishi mwepesi wa vidole aandike upya, weka zile kasida tatu mpya, mpelekee ustadhi asome herufi kwa herufi. Kijitabu cha kasida ni kazi ya siku chache. Ipange kwa Scribus, ambayo ni ya bure kabisa na imetengenezwa kwa ajili ya kupanga kurasa, na iwe kazi yako ya kwanza ya kujifunzia. Utapata shida mwanzoni na fremu zake, lakini mtu aliyefundishwa PageMaker ana jicho tayari: safu, pambizo, kurasa kuu, vyote vimo.

Kuna jaribio jingine la kufanya usiku wa leo bila senti moja. Pakua LibreOffice kutoka kwenye tovuti yake yenyewe. Tangu toleo la 4.4 la 2015 ina uwezo wa kusoma mafaili ya PageMaker. Inayafungua kwa sehemu yake ya kuchorea, Draw. Fungua diwani ya mzee humo. Usitegemee ukurasa uje kama baba alivyouacha. Fonti za Type 1 LibreOffice iliacha kuzipokea kuanzia toleo la 5.3, kwa hiyo herufi zitabadilika na mistari itasogea. Lakini maneno yakija, maneno yote, beti baada ya beti, basi umeshamwokoa mzee hata kama CD haitasoma kamwe. Yanakili, yaweke kwenye faili la kawaida la maandishi, yalinganishe na diwani iliyochapwa. Akipita dukani kesho utakuwa na la kumwambia.

Na ulizia mjini, kuanzia magazeti ya shule mpaka wapangaji wa Dar es Salaam unaowafahamu: nani bado ana InDesign CS6 au ya kabla yake, yenye leseni? InDesign mpaka CS6 ya 2012 ilikuwa inafungua mafaili ya PageMaker kuanzia 6.0. Zilizofuata haziwezi. Mtu mwenye CS6 akikufungulia faili na kulihifadhi kama IDML, aina ya faili ya kubadilishana kazi za InDesign, hilo litafunguka kwenye InDesign za leo, na Scribus pia inajaribu kulisoma. Kwa kadi chache za harusi si lazima. Kwa diwani iliyopangwa kwa uangalifu, ningemlipa mtu huyo.

Sasa CD yenyewe, maana usiitupe. Igeuze uitazame pande zote mbili. Watu wanaogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa, kumbe kwenye CD tabaka lenye data liko karibu na upande wa maandishi, chini ya wino tu. Mkwaruzo wa upande unaong'aa mara nyingi uko kwenye plastiki tupu, na mwanga wa kusomea unaweza kuupita. Shika CD kwenye mwanga wa jua, upande wa maandishi ukutazame: ukiona vitundu vinavyopitisha mwanga, pale data imeondoka. Usipoviona, bado una tumaini. Ioshe kwa maji safi ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, ikaushe kwa kitambaa laini cha pamba, ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Kisha ijaribu kwenye kompyuta tofauti, kwa sababu vichwa vya kusomea havilingani. CD inayokataa kwenye laptopu inaweza kukubali kwenye kompyuta nzee ya mezani. Ikisoma mahali popote, usiisakinishe hapohapo. Kwanza igeuze kuwa faili moja la ISO, yaani nakala kamili ya CD nzima, kwa programu kama ImgBurn, ambayo ni ya bure, uinakili mahali pawili. Huenda isisome mara ya pili.

Ikikataa kote, azima. Ofisi za chapa za Tanga na Dar es Salaam zilizokuwepo miaka ile nyingi zilikuwa na PageMaker, na nyingi bado zina masanduku juu ya kabati. Unaazima CD tu, namba unatumia yako. Ukipata nakala kwa njia ya mafaili badala ya diski, mwombe mwenye diski halisi akusomee alama ya utambulisho ya faili la setup. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri, unaandika certutil -hashfile setup.exe SHA256, na kompyuta inatoa mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Faili lilelile hutoa mfululizo uleule. Likiguswa hata herufi moja ndani yake, mfululizo unabadilika wote. Kama wa kwako na wa mwenye diski halisi vinalingana, hujachezewa. Visipolingana, huenda ni toleo jingine, huenda ni uchafu, na mpaka ujue ni kipi usilifungue. Pia unaweza kulipeleka VirusTotal, tovuti inayopitisha faili kwenye antivairasi nyingi kwa mpigo. Usipeleke huko mafaili ya wateja; chochote unachopandisha, wengine wanaweza kukiona.

Umeuliza kama itakubali kwenye Windows 10. PageMaker 7 ilitengenezwa enzi za Windows 98 na 2000. Wapo wanaoilazimisha kwenye Windows za sasa, ikafunguka, halafu ikagoma kwenye kuprinti au kutengeneza PDF, yaani pale hasa unapoihitaji. Sikushauri upoteze muda huko. Fundi hodari anaweza kukutengenezea mashine pepe kwa VirtualBox, ambayo ni kompyuta ya zamani inayoishi ndani ya mpya, na kwa mtu mwenye CD halali ya Windows XP ni njia nzuri. Ila leseni nyingi za XP zilikuja zimefungwa na kompyuta iliyouzwa nayo, na stika yake iko ubavuni mwa ile iliyoungua.

Kwa duka lako naona njia nyepesi zaidi. Nenda kwa wauzaji wa kompyuta za mtumba utafute nzee kabisa, ile ambayo hakuna anayeitaka, yenye XP yake na stika yake. Utaipata kwa bei ndogo. Sakinisha PageMaker humo, rudisha fonti za baba, rudisha folda za picha kwa majina yaleyale ya njia, kama zilikuwa D:\KAZI ziwe D:\KAZI, ili mafaili yazikute. Na usiiunganishe na intaneti hata siku moja. Microsoft waliacha kuilinda XP tarehe 8 Aprili 2014. Kazi itoke humo kwa flashi moja unayoikagua kwenye kompyuta mpya kila inapopita. PageMaker 7 yenyewe ni ya kabla Adobe hawajaanza kuhakiki programu zao kwa intaneti: inaomba namba, unaiandika, inafunguka. Hilo limekuokoa. Wenzako wenye programu za miaka iliyofuata, zinazoita seva ambayo imeshazimwa, wana shida ngumu zaidi ya yako, na ndiyo maana nasema uhame.

Ikifunguka, anza na diwani ya mzee, kisha diwani nyingine, kisha vitabu vya misikiti, kadi za harusi mwisho. Kila faili litoe namna mbili. PDF kwa Distiller, programu ya kutengeneza PDF iliyokuja na PageMaker, na uweke mpangilio wa kuingiza fonti ndani ya PDF, maana bila hivyo fonti zitabaki kwenye kompyuta nzee na PDF itafunguka na herufi za kubahatisha. Na maandishi peke yake, RTF, ili siku mshairi akitaka kurekebisha ubeti usilazimike kumwita marehemu XP. Fungua kila PDF kwenye kompyuta mpya, uiweke kando ya kitabu kilichochapwa, upitishe macho ukurasa kwa ukurasa. Ni kazi ya kuchosha. Ifanye jioni duka likipoa, faili chache kwa siku, na uandike kwenye daftari zipi zimetoka. Nakala moja ikae dukani, moja nyumbani, moja kwa ndugu wa mji mwingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Washairi wenyewe wape PDF zao kwenye flashi zao. Maneno ni yao.

Jambo la mwisho, na naomba uliangalie kabla hujaenda kuazima diski kwa mtu. Chukua sanduku la baba, soma ubavuni. Kama limeandikwa Upgrade, si toleo kamili bali la kupandishia, na wakati wa kusakinisha linaweza kudai namba ya toleo alilokuwa nalo kabla, labda 6.5. Namba hiyo haitakuwa kwenye kadi uliyo nayo. Tazama ndani ya mfuniko, kwenye kitabu cha maelekezo, kwenye risiti, kwenye madaftari yake ya duka ya miaka ile. Tazama pia kama ni ya Windows au ya Macintosh, maana namba za upande mmoja hazifungui upande wa pili. Ukishajua, niandikie yaliyoandikwa kwenye sanduku, ila namba yenyewe usiniandikie mimi wala mtu mwingine yeyote.